Kiboko wa Katuma na Kazi ya Muumba

Wazazi wengine huingiwa na hofu watoto wao wafundishwapo shuleni kwamba wanyama wamebadilika maumbo tangu zamani. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 1950, katika waraka wake Humani Generis, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu. Alishika kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Ikiwa Kanisa haliogopi kumchunguza mtu, litaogopaje kumchunguza kiboko?

Basi tumtazame kiboko wa mto Katuma, katika Hifadhi ya Katavi, kusini mwa Mpanda. Macho, masikio na matundu ya pua yako juu kichwani, hata huona na kupumua mwili ukiwa umezama. Ngozi yake hutoa majimaji mekundu yamkingayo na jua. Je, alijichagulia hayo? La, hasha! Katika kila kizazi huzaliwa wenye tofauti ndogo ndogo. Wafaao mahali pao huishi na kuzaa, na wana hurithi. Ndivyo Muumba alivyopenda kutenda, bila haraka, kwa mamilioni ya miaka.

Lakini ngozi hiyo hiyo hukauka upesi nje ya maji. Kiangazi, viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi ya tope. Maji yakizuiwa huko juu kwa ajili ya mpunga, madimbwi hupungua. Mkulima naye ana watoto wa kulisha, hilo hatulikani. Ila kiboko hawezi kupata ngozi mpya kwa misimu michache. Ndugu zetu wa bonde la Katuma, majaruba yakishajaa, fungeni mfereji, maji yashuke.