Soma Mtutu, Achana na Hadithi za Muuzaji

Wanangu, naona mmeanza kuhudhuria minada ya bunduki kuukuu za uwindaji, nyinyi mliokulia hapa Birmingham, mji uliotengeneza nyingi kati ya hizo. Siwakatazi. Bunduki ya mitutu miwili iliyotoka mikononi mwa mafundi wa Westley Richards au Holland & Holland kabla ya vita vya 1914 ni kazi ambayo wanaoiweza leo wanahesabika. Ninachowakataza ni kuinunua kwa masikio.

Mnadani hadithi hazikauki. Kila Rigby ya kaliba .275, eti iliwahi kushikwa na Walter Bell, yule "Karamojo" aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kaliba hiyo ndogo. Kila .416 ni ndugu wa ile ya mwindaji Harry Selby. Kisa cha Selby chenyewe ni cha kweli: mwaka 1949 bunduki yake ya mitutu miwili ilikanyagwa na gari, akaingia dukani kwa May & Co. Nairobi akachukua .416 iliyokuwapo, akawinda nayo miaka zaidi ya arobaini. Mwandishi Mmarekani Robert Ruark ndiye aliyeipa umaarufu. Lakini hayo ni ya bunduki moja, na hiyo mnayoonyeshwa siyo. Bunduki ina namba, na makampuni makubwa ya zamani yametunza madaftari yao. Iandikie kampuni, lipa ada, upate kujua ilikamilika mwaka gani, kwa kaliba gani, ikauzwa kwa nani. Muuzaji akikwambia hakuna haja ya hayo, mwachie bunduki yake.

Na madaftari nayo yana mapengo yake: hayawataji waliozibeba bunduki hizo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa kuwinda Aprili 1909 alikuwa na Holland ya .500/.450, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Waliombebea bunduki porini ni akina Muhamed na Bakari, na majina yao yamo katika kitabu chake mwenyewe. Nimekutana na wakusanyaji wanaojua hadi nakshi za bunduki ile kwa moyo, ukiwatajia Bakari wanakukodolea macho. Hilo linaniudhi, ila si lililonikalisha kuandika.

Lililonikalisha ni hili. Chukueni risasi mbili za kaliba .450 zenye ganda la inchi tatu na robo, mziweke mezani. Moja ni ya baruti nyeusi, ya zama za Malkia Victoria. Nyingine ni ya kodaiti, baruti isiyo na moshi, aina ya risasi iliyoletwa na kampuni ya Rigby mwaka 1898. Pimeni: urefu wa ganda ni ule ule, ukingo wa kitako ni ule ule, unene ni ule ule. Zote mbili zitaingia kwenye chemba ile ile, na bunduki itajifunga vizuri kabisa. Ya kwanza inasukuma kichwa chepesi kwa moshi mwingi na shinikizo dogo. Ya pili ina greini 70 za kodaiti, gramu nne na nusu hivi, nyuma ya kichwa cha greini 480, yaani karibu gramu 31, na shinikizo lake ni kubwa mno. Itie ya pili kwenye bunduki iliyoundwa kwa ajili ya ya kwanza, uone. Mkono wako wa kushoto umeshika pale pale chini ya mitutu, na jicho lako liko juu yake. Mambo ni hayo hayo kwa .500 ya inchi tatu na .577 ya inchi tatu. Anayesema "imeingia, basi ndiyo yenyewe" msiende naye uwanja wa shabaha.

Jibu limeandikwa kwenye chuma. Bandueni ule mti wa mbele, tengeni mitutu na mwili wa bunduki, igeuzeni juu chini. Chini ya chemba kuna sehemu bapa zenye mihuri midogo, usomeni kila mmoja kwa kioo cha kukuzia na taa nzuri. Bunduki ya .450 iliyojaribiwa kwa kodaiti mara nyingi huwa imepigwa maneno CORDITE 70-480 MAX: kiasi cha kodaiti, uzito wa kichwa, na kwamba hapo ndipo mwisho. Mihuri hiyo hupigwa na nyumba za majaribio, ya London iliyo chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, au ya hapa kwetu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813 na ambayo mpaka leo iko Banbury Street. Hufyatua bunduki kwa risasi kali kuliko za kawaida, ikivumilia inapigwa mhuri. Msipoona neno la kodaiti, ihesabuni ni ya baruti nyeusi mpaka fundi mwenye leseni aseme vingine. Na mkikuta herufi zimefifia huku chuma kinang'aa, jueni kuna aliyepiga msasa. Aliyesugua nje kaupunguza mtutu, na ndani huenda chumvi za fataki za zamani zimeshautoboa vishimo.

Namba nazo zinadanganya. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kaliba ya .450 nchini India, ikihofia risasi zingewafikia waasi wenye bunduki za kijeshi za kipimo hicho. Makampuni yakakimbilia kubuni mbadala: .470, .465, .475, .476. Kuna .475 No. 2, na kuna .475 No. 2 ya kampuni ya Jeffery, ambayo kichwa chake ni kinene zaidi kwa unyuzi tu. Kwa hiyo msitegemee jina la kwenye boksi. Fundi apige chemba kalibu ya salfa, apime na kipenyo cha mtutu.

Tena maboksi! Yale mekundu na manjano ya kampuni ya Kynoch yanapendeza rafuni, nami ninayo. Kynoch waliacha kutengeneza risasi za kaliba kubwa miaka ya 1960, zikaja kutengenezwa tena Suffolk miaka ya 1990, ndiyo maana boksi la zamani lina bei. Lakini lililofunguliwa limeshachanganywa na watu watatu kabla yako: toa risasi moja moja, soma maandishi ya kitakoni. Msizifyatue. Zebaki ya fataki za kale huozesha shaba ya ganda, na risasi nyingine huchelewa kulipuka, wewe umeshafungua bunduki ukidhani imekufa. Wala usivunje risasi nyumbani ili uone kodaiti. Ni nyuzi kama tambi, nimekwambia, sasa huna sababu.

Sheria nitaipitia haraka maana inabadilika, na polisi wa kitengo cha leseni watakueleza vizuri kuliko mimi. Kwa kanuni za 2021, bunduki ya kale ya kaliba iliyoorodheshwa kuwa haitumiki tena, iliyotengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939, inaweza kuwekwa bila cheti kama pambo. Siku unayoitaka uwanjani, hiyo si pambo tena. Orodha nayo si ya milele: mwaka huo huo kaliba saba zilitolewa kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizitumia. Risasi nzima, yenye fataki na baruti, uliza kabla hujatoa hela.

Mnaosafiri kwenda nyumbani Desemba, kung'uteni mabegi yote mliyobebea vitu vya mnada, hadi mifuko ya koti. Afisa wa uwanja wa ndege Nairobi hatajali kama risasi iliyosahaulika kwenye kona ya begi ni ya mwaka 1910.

Na mwenye kabati la bunduki aandike: namba ya bunduki, mihuri yake, risasi ipi ni yake na ipi ya mapambo, cheti kiko wapi. Nakala moja apewe mke au mume, asiachiwe kijana anayesema anajua bunduki. Mkusanyaji akifa, waliobaki wafunge kabati wawapigie polisi simu 101, wasibebe sanduku la risasi kwenye gari kulipeleka kituoni, polisi watakuja wenyewe.