Utajiri wa Watu

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Chini ya hapo wewe ni maskini, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya hapo.

Sina ugomvi na shilingi. Kinachonitatiza ni kule kugawanya. Matumizi ya kaya hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa watu waliomo, mtoto akihesabiwa pungufu ya mtu mzima. Basi mama akijifungua usiku, kabla uji wa mzazi haujapoa, kaya imekwisha kushuka kidogo.

Ipeleke hesabu hiyo kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti. Tuseme yupo bibi mjane mwenye ng'ombe 30 zizini, mtama ghalani na bati juu ya nyumba, lakini hana mtoto wa kiume. Mdadisi wa takwimu atamwona yuko vizuri. Majirani wanamsikitikia. Naye hangoji kusikitikiwa: anatoa ng'ombe, anaoa binti. Ndiyo nyumba ntobhu. Binti atazaa na mwanamume, na watoto watakuwa wa nyumba ya bibi. Mdadisi akirudi baada ya miaka michache atakuta ng'ombe wamepungua na midomo imeongezeka, ataandika kwamba kaya imeporomoka. Bibi atamkaribisha ugali huku wajukuu wakimrukia mgongoni, na atashangaa akiambiwa ni maskini.

Hapo ni rahisi kumpa bibi ushindi. Mimi nasita, kwa sababu ya binti. Ng'ombe walikwenda kwa baba yake. Kwa kuwa anakula chungu kimoja na bibi, takwimu zinampa hali ileile ya bibi; kwa wazee, yeye ni sehemu ya utajiri wenyewe. Vipimo viwili vinavyopingana karibu kwa kila kitu vimekubaliana kutomuuliza.

Amartya Sen, mchumi wa India, alitaka tupime kile mtu anachoweza kufanya na kuwa. Kwa binti huyu swali ni fupi: angeweza kukataa? Na leo akitaka kuondoka, ataondoka na nini? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaijua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Mahakamani hana pa kudai mgawo kama mke.