Komeo la Boneti

Boneti ya MGB hufunguka kutoka mbele. Nyuma, karibu na kioo, imeshikwa na bawaba. Mbele kuna pini moja yenye springi inayoingia kwenye komeo, na kidoano cha usalama kando yake. Pini ikilegea na kidoano kikiwa kimeliwa na kutu, siku moja uko Thika Road umekanyaga mafuta, upepo unaingia chini, boneti inainuka yote na kukufunika kioo. Huoni kitu. Na nyuma yako kuna matatu.

Nasema haya kwa sababu mjomba wangu anayo MGB, na hataki komeo jipya. Si pesa. Anasema gari lilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, likiwa na komeo hilo, na ukiendelea kuweka spea mpya gari lenyewe linaondoka pole pole. (Mwenye gari la kale ukimwambia habari ya usalama anakuangalia kama umemtukania mamake.)

Hoja yake si ya kijinga lakini. Plutarch aliandika kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza, hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akaleta utata zaidi: mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuunda nazo merikebu nyingine, ipi ndiyo yenyewe? Kwa MGB hiyo si hadithi tu. Kiwanda kiliacha kuliunda 1980, na tangu 1988 unaweza kununua bodi nzima mpya, imetengenezwa huko huko Uingereza.

Ila naona mjomba ameuliza swali zuri mahali pabaya. Aristotle alisema mkono wa maiti ni mkono kwa jina tu, maana hauwezi kufanya kazi ya mkono. Komeo lisilokomea ni vivyo hivyo. Siku pini ilipoanza kuchomoka, lile komeo la Abingdon liliacha kuwa komeo; kilichobaki ni chuma chenye kumbukumbu, na kumbukumbu zinaweza kukaa kwenye droo, bana. Ngozi ya kiti iliyopasuka ibaki, inamchoma mgongo yeye peke yake. Komeo linamhusu hata mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni, na huyo hakuna aliyemuuliza kama anapenda magari ya kale.

Siku ya kuuza ndiyo inayonipa wasiwasi. Kuna watu hulizeesha komeo jipya makusudi, rangi kidogo, uchafu kidogo, ili mnunuzi adhani ni la kiwandani. Mwambie ukweli, na lile la zamani umpe kwenye mfuko.

Kazi yenyewe haichukui muda. Legeza nati, zungusha pini kwa bisibisi hadi boneti ikae sawa na madigadi, kaza. Lakini kabla hujaifunga mara ya kwanza, hakikisha ukivuta waya kule ndani komeo linasogea, kwa sababu likikwama boneti ikiwa imeshafungwa, kuifungua ni shughuli nyingine kabisa.