Huruma na Haki

Yafaa tuulizane neno moja. Mtu amtendeaye mema kiwete au kipofu, je, amekwisha kutimiza yote yampasayo? Wengi wetu twajibu upesi, Ndiyo. Lakini na tulipime neno hili.

Katika milima ya Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, wenye kifafa walikuwa wakiogopwa sana. Mtu alipoanguka motoni, hata ndugu zake walisita kumshika, kwa kuwa waliamini ya kwamba mate yake huambukiza. Mwaka 1960 daktari mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianza kuwatibu huko kwa dawa, wala hakuogopa kuwagusa. Huruma ya namna hii ni njema, asiwepo wa kuidharau.

Walakini huruma ina hatari yake. Mwenye kuhurumia huzoea kunena mahali pa yule anayehurumiwa. Humwuliza mchukuzi wake, "Huyu ataka nini?" na mwenyewe ameketi pale pale, ana masikio na akili. Mkumbukeni Bartimayo wa Yeriko. Umati ulimkaripia anyamaze. Bali Bwana wetu, ingawa upofu wake ulionekana na wote, alimwuliza kwanza ataka atendewe nini. Mbona sisi hatuulizi?

Wenye ulemavu wa nchi yetu hawakungoja kuulizwa. Viziwi waliunda chama chao, CHAVITA. Na mwaka 1992 vyama mbalimbali vikaungana katika shirikisho, ndilo SHIVYAWATA. Hawakuomba sadaka tu, walidai sheria. Na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotaja haki zao za kusoma, kutibiwa na kufanya kazi.

Labda mtu atasema, "Basi, sisi tulio wazima hatuna kazi tena." Sivyo. Watu wa Ifakara waijua tofauti ya kivuko na daraja. Zamani mwenye safari ya Mahenge aliketi ukingoni akingoja kivuko. Sasa liko daraja, lililozinduliwa mwaka 2018, naye huvuka saa aitakayo. Huruma ni kama kivuko: yafaa, lakini humngojesha mtu. Haki ni kama daraja. Aliye mzima na asaidie kulijenga, kisha asisimame katikati yake akiwazuia wapitao.

Kwa hiyo, enyi walimu na wazee wa usharika, mkikutana kushauriana habari za jirani asiyeweza kutembea, msikate shauri mpaka ameitwa, naye amesema kwanza. Huenda haitaki nguo mliyomkusanyia. Huenda ataka ngazi za kanisa ziondolewe, ijengwe njia ya mteremko, apate kuingia mwenyewe pasipo kubebwa. Na akisema hivyo, msimwite mtu asiye na shukrani. Shikeni majembe.