Shujaa na Mwenziwe

Je, sifa ya ushindi ni ya ajuaye peke yake? Mwaka 1960, katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa, mpelelezi mtulivu mwenye kiko, pamoja na Najum, sahibu yake mwingi wa maswali. Mwaka 1961 Marekani nayo ilipata Fantastic Four, mashujaa wanne wa hadithi za picha, wenye nguvu za ajabu lakini wagomvi. Huku na huko, upungufu wa mmoja ndio uliompa mwenziwe kazi. Hekima ya Bwana Msa isingalidhihirika bila ya swali la Najum. Basi aulizaye kwa unyofu, hata akikosea, ana fungu lake katika ukweli; na shujaa amdharauye mwenziwe huipunguza heshima yake mwenyewe.