Shangazi na Ufunguo wa Kabati

Shangazi yangu ni nesi katika kituo cha afya huko ushago, na hatoi mimba. Hata pale Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinaporuhusu, maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, yeye mikono yake hatii. Alimwambia mkubwa wake siku ya kwanza, akaomba zamu zipangwe hivyo. Hatukubaliani, lakini hapo namheshimu.

Shida yangu ni wale wa kimyakimya. Dada anaingia duka la dawa Jumapili jioni kuulizia P2, anaambiwa imeisha. Haijaisha. Iko hapo nyuma ya kaunta, jamaa ameamua tu. Na hiyo dawa unafaa uimeze ndani ya saa 72. Ukizidi kuchelewa, nayo inazidi kupungua nguvu. Angesema "mimi siuzi, jaribu hapo ng'ambo," dada angevuka barabara. Sasa anarudi nyumbani akidhani mtaa mzima hauna. Hiyo ni dhamiri gani, isiyoweza kutajwa kwa sauti?

Ndiyo, Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume na imani yake. Cha 43(2) nacho kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kuyanyima kuwa kosa kwa kituo chenye uwezo wa kuyatoa. Watu husoma kimoja wakafunga kitabu. Dhamiri ni ya shangazi. Ufunguo wa kabati la dawa ni wa umma, yeye amekabidhiwa tu.

Desemba, tukimenya viazi, nikamuuliza: "Na ukiwa peke yako usiku, shangazi?"

Akanyamaza. Kisha akanieleza kuhusu msichana aliyeletwa na bodaboda saa nane usiku, damu imelowa hadi kwa kiti. Kuna mtu alikuwa amejaribu kumtoa mimba, na haikuwa imetoka yote. Mwenzake wa zamu alikuwa ameenda matanga.

"Nikaimalizia mimi," akasema.

"Kwa hivyo siku hizi..."

"Siku hizi nini? Bado sitoi. Lakini sikuwa namwacha afe nikilinda roho yangu."

Nikauliza kama mchungaji wake anajua. Akanionyesha sufuria kwa kisu, viazi bado vilikuwa vingi.