Haki ya Mwenye Ploti na Haki ya Mtaa

Limeletwa mbele ya darasa letu suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, maana si la mtu mmoja. Mtu ana nyumba katika mtaa wa makazi hapa Ramisi, hatua chache nyuma ya barabara kuu ya Likoni kwenda Lungalunga. Ataka kuvunja vyumba vya mbele atie mashine ya kusaga mahindi, na uani aweke karakana ya kuchomea vyuma. Majirani wamenung'unika. Yeye awajibu kwamba ardhi ni yake, kuta ni zake, na riziki yataka mahali. Atuuliza: je, sheria ya dini yamkataza? Na kwa kuwa amesikia kuwa serikali ya kaunti ina uwezo wa kuugawanya mji, hapa biashara na hapa makazi, auliza pia kama kumwekea mtu mpaka wa namna hiyo ndani ya mali yake si dhuluma.

Kabla ya kujibu, na tutazame mji wenyewe. Ramisi haikuanza kwa ramani ya mji, ilianza kwa kiwanda. Kiwanda cha sukari kilipoanzishwa 1927 watu walikuja kutoka pande zote, Wadigo wa karibu, watu wa bara, na Wamakonde waliotoka Msumbiji kutafuta kazi katika mikonge na miwa, ambao serikali ya Kenya haikuwatambua kuwa raia ila 2016. Kampuni ndiyo iliyoamua nani alale wapi. Kiwanda kikafungwa 1988, na aliyekuwa akiamua akaondoka pamoja na mshahara. Waliobaki wakapanga mji kwa kadiri walivyoweza, kila mtu kwa haja yake. Mwaka 2007 mashamba ya miwa yakakodishwa kwa kampuni nyingine, na miwa ikarudi. Baadaye, tangu 2013 mpaka mwisho wa 2024, yakachimbwa madini Maumba na Nguluku, na malori na mishahara vikapita katika upande wetu huu wa Kwale. Barabara ikanenepa. Aliyekuwa na chumba kinachotazama lami akakifanya duka, na alipofanikiwa yeye, wa mstari wa pili akamwonea wivu. Leo biashara imeshachoka na mstari wa kwanza, yaingia ndani kwenye vichochoro. Suala la ndugu yetu limezaliwa hapo.

Twaanza na lile linalomfaa muulizaji, kwani si uadilifu kumficha mtu hoja iliyo upande wake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameitaja kadhia hii takriban kwa sura yake katika Minhaj, kwenye mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Asema kuwa kila mtu hutumia mali yake kwa mujibu wa ada. Kisha ataja mtu aliyezungukwa na nyumba za watu naye akageuza nyumba yake kuwa hamamu au zizi, na mwenye duka katika soko la wauza nguo akalifanya duka la mhunzi. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kuwa yajuzu. Basi twawasikia wenye ploti wakisema: tumeshinda!

Wasifanye haraka. Imamu hakuachilia hivi hivi. Ameshurutisha mwenye mali achukue hadhari na aziimarishe kuta zake, na kabla ya hapo amefunga matumizi yote kwa neno moja, ada. Ada ni nini? Ni lile watu wa mahali wamezoea kulistahamili. Mhunzi wa zamani alikuwa na nyundo na mkaa, na jua likituwa alilala kama wenzake. Mashine ya dizeli huutikisa ukuta wa udongo wa jirani hata chokaa ikadondoka. Moto wa kuchomelea vyuma huumiza macho ya mtoto anayechungulia uani. Kuta za matofali hazizuii mojawapo ya mambo hayo. Anayeshika ruhusa akaacha sharti ameshika nusu ya maneno, na nusu ya maneno aghlabu ni uongo.

Tena wanazuoni wa madhehebu haya haya hawakuwa kauli moja. Ruyani, aliyemtangulia Nawawi kwa zaidi ya karne moja, alichagua kwamba mambo ya namna hii yaachiwe hakimu ayachunguze, na azuie ikimdhihirikia kuwa mwenye mali akusudia ukaidi na uharibifu. Ama Wamaliki wao walikuwa wakali zaidi. Huko Tunis katika karne ya 14 alikuwako fundi mwashi, Ibn al-Rami, ambaye makadhi walimtuma kukagua nyumba zenye ugomvi, naye akaandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo: moshi wa tanuri, harufu ya ngozi, mtikisiko wa kinu, dirisha linalotazama ua wa mwenzio. Alikwenda akasimama pale, akanusa, akasikiliza, akagusa ukuta. Twamtamani mtu kama huyo katika kila ofisi ya mipango, kwani wengi wanaopitisha ramani hawajaunusa mtaa wanaouamulia.

Na iko habari aliyoipokea Abu Daud, ya Samura bin Jundub. Alikuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, naye akiingia kuiangalia huwataabisha mwenye bustani na watu wa nyumbani mwake. Mti ulikuwa wake kwa haki, hakuna aliyelikana hilo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka auze, akakataa. Alimtaka abadilishe kwa mti wa mahali pengine, akakataa. Alimtaka autoe na akamtajia malipo mema, akakataa. Hapo ndipo alipomwita mwenye kudhuru, akamwamrisha Ansari aung'oe. Watu wakiisimulia habari hii hukimbilia mwisho wake, kung'oa. Sisi twataka wasite katikati yake, kwani mna matoleo matatu kabla ya kung'oa, na kila toleo lilikuwa na thamani yake. Tutarudi hapo.

Wako wanaouliza: je, aliyekuja nyuma? Mtu akijenga nyumba ya kulala ubavuni mwa karakana iliyotangulia, ana haki ya kulalamika? Waliotunga Majalla ya dola ya Uthmaniya, baina ya 1869 na 1876, waliweka kanuni mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza, aliyekuja akajenga kando ya mtu anayetumia mali yake kwa haki, akapata taabu, ni juu yake mwenyewe kujiondolea taabu hiyo. Ya pili, dhara haipati haki kwa ukongwe wake. Twaona hazipingani. Anayekwenda kukaa karibu na kelele za kawaida avumilie au ajenge ukuta. Lakini moshi unaotia watu pumu, au mafuta machafu ya gari yanayomwagwa juu ya mchanga yakashukia kisima, hayo hayawi halali kwa kuwa yalianza miaka 30 iliyopita. Na muulizaji wetu hana hata hoja hii, maana nyumba za jirani zake zilimtangulia.

Sasa twageukia upande wa pili, kwani wako watu ambao wakisikia maneno haya watafurahi kupita kiasi. Hao ni wale waupendao mji kama sahani iliyooshwa, biashara kule mbali, nyumba huku, na baina yake kimya. Tuwakumbushe kwamba kugawanya miji kulitujia kwa mlango mbaya. Mwaka 1913 alitumwa Afrika Mashariki daktari Mwingereza, Simpson, akapendekeza miji igawanywe mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na hoja yake ilikuwa afya. Afya ilikuwa joho tu, na ndani yake mlikuwa na ubaguzi. Ndiyo sababu wazee wetu wakisikia mpima ardhi amekuja na kamba, moyo huwadunda. Hawakosei.

Miji ya Waswahili haikupata kutenga biashara na nyumba kwa ukuta. Baraza ya nyumba ni mahali pa mazungumzo na pa kuuzia pia. Mama akaangaye mahamri alfajiri mlangoni mwake, mshoni mwenye cherehani barazani, duka la unga na mafuta ya taa kwenye pembe ya kichochoro, hao hawauli mtaa. Mtaa wala kwao. Mjane asiyeweza kutoka eda yake, mzee asiyeweza kutembea hadi barabarani, mtoto aliyetumwa chumvi usiku, wote wawahitajia. Sheria itakayomfukuza mama wa mahamri kwa jina la kulinda makazi itakuwa imeyalinda makazi na wakazi wake wenyewe. Lakini yapo mambo yaliyokuwa yakiwekwa pembezoni tangu zamani: uhunzi, machinjio, ngozi, na yenye vishindo vyote. Hakuna aliyeandikiwa hilo na Mzungu.

Basi mizani si neno biashara. Mizani ni dhara, na dhara yapimika. Kelele, hasa za usiku. Moshi na harufu. Maji ya kisima. Malori katika njia ambayo watoto huenda chuoni. Wageni wanaokaa mahali wanapoziona nyua za watu, jambo ambalo Majalla imelihesabu dhara kubwa lionekanapo pakaapo wanawake. Na ulevi. Sheria ya vileo ya 2010 imetaka baa iwe mita 300 mbali na shule za watoto. Kwa kelele zipo kanuni za 2009, nazo kelele hazina dini. Aliyelala na homa hajui, wala hajali, kama kilichomwamsha ni disko, ngoma ya arusi, au kipaza sauti cha mkutano wa mawaidha uliopita saa sita za usiku.

Ama kama serikali ina haki ya kuweka mpaka, jibu ni ndiyo. Katiba ya 2010 imelinda mali katika ibara ya 40, na katika ibara ya 66 imeipa serikali uwezo wa kuongoza matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya, maadili na mipango ya ardhi. Mipango imekuwa kazi ya kaunti, na leseni za vileo pia. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yamtaka anayegeuza nyumba kuwa kitu kingine aombe idhini kwanza, na asiyeridhika ana kamati ya kumpokea malalamiko. Hayo yote yanapatana na tuliyoyataja ya Ruyani. Lakini ni wangapi katika sisi wanaokwenda mkutano wa kaunti unapoitishwa? Mikutano hiyo huhudhuriwa na mwenye ploti, dalali wake, na vijana waliokwenda kwa sababu ya soda. Wenye mtaa hunena barazani baada ya Isha, ukuta umekwisha kufika kwenye linta. Hilo si subira. Ni uvivu uliovishwa kilemba.

Lakini liko jambo linalotutia hofu kuliko mashine ya kusaga. Ramani hulinda kile inachokiona. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 katika ukanda huu wa pwani, watu wengi wamekaa juu ya ardhi ambayo karatasi yake yasema ni ya mwingine. Nyumba ni zao, mchanga si wao. Wengine ni wana na wajukuu wa wafanyakazi wa miwa, waliozaliwa hapa na kuzikia hapa. Mpangaji wa mji akichora kwa kufuata hati tu, mahali pao pataonekana patupu, na mahali patupu karibu na barabara huandikwa biashara. Siku hiyo hatakuja mtu na mashine akawataabisha jirani zake. Atakuja mtu na karatasi, na jirani hawatakuwapo. Kwa hiyo twasema kwamba kabla ya kuuliza maduka yaishie wapi, zihesabiwe nyumba, zenye hati na zisizo na hati, na makaburi, na misikiti, na visima. Kadhi hahukumu baina ya watu wawili akiwa amemwita mmoja tu.

Jibu letu kwa ndugu muulizaji ni hili. Karakana usiiweke pale, kwani sharti la Nawawi huliwezi, na watoto wa jirani hawawezi kukuridhia kwa niaba ya macho yao. Hata kama baba zao wamekunywa kahawa yako wakasema hapana taabu, wao ni wenye nyumba wa leo tu, na mpangaji wa mwaka ujao hakuulizwa. Duka la rejareja chumba cha mbele, fungua, tena twakuombea baraka.

Na jibu letu kwa mtaa, na kwa wenye kuchora ramani, latoka katikati ya habari ya Samura. Aliyezuiliwa matumizi ya mali yake kwa maslaha ya wengine hatupwi. Hutolewa kwanza badala. Kaunti ikisema karakana zisiwe ndani ya mtaa, itenge mahali pa karakana, penye umeme na njia ya gari, kwa kodi ambayo fundi wa Ramisi aiweza, si kodi ya Diani. Majirani waliopiga kelele nao wachange katika kumhamisha, angalau kwa mikono yao. Na mashine ya kusaga, kwa kuwa kina mama huiendea na mahindi kichwani, isipelekwe mwendo wa nusu saa. Yatosha itoke nyuma ya nyumba ifike penye barabara, ifunguliwe baada ya jua kuchomoza, na izimwe kabla ya Magharibi.